Aliyekaa Miguuni

Jirani yetu ni muuguzi, na wenzake wodini wamembatiza jina la Bi Kwanini. Mgonjwa akisema kichwa kinamuuma, wengine hukimbilia dawa. Yeye huvuta kiti. Kinauma upande gani? Tangu lini? Ukiinama je? Wenzake humcheka, lakini ndugu zao wakilazwa, humwomba yeye awaangalie.

Siku hiyo aliingia zamu ya mchana. Jua lilikuwa kali, mapazia yamefunguliwa, redio ya jikoni inasikika kwa mbali. Kwenye kitanda cha dirishani alilala fundi cherehani, mama wa makamo aliyekuwa amepasuliwa tumbo. Kidonda kilikuwa safi. Homa hana. Lakini hakutulia. Macho aliyakodoa upande wa miguuni, kama mtu anayetazamana na mgeni asiyemtaka.

"Nesi," alinong'ona, "mwambie anyanyuke."

"Nani?"

"Huyo mama aliyenikalia mguu."

Pale miguuni hapakuwa na mtu.

Dada mtu, aliyekuwa akimuuguza, alishafunga virago. "Mdogo wangu karogwa huyu. Nampeleka kwa wanaojua mambo haya. Nisaidieni nimsimamishe."

Muuguzi mwenzake akacheka kando. "Nusukaputi hiyo, bado inamzungusha kichwa. Atazinduka tu."

Bi Kwanini hakukubaliana na dada mtu, wala na mwenzake. Alichokuwa na hakika nacho ni kimoja: mgonjwa anahisi uzito. Sasa unatoka wapi?

"Kakukalia mguu upi, dada yangu?"

"Wa kushoto."

Akafunua shuka. Shavu la mguu wa kushoto lilikuwa limevimba, linang'aa, lina moto. La kulia halina neno. Alipoligusa lile la kushoto, fundi akauma meno. Mtu aliyepasuliwa akalala bila kujinyoosha, damu inaweza kumganda mguuni. Bonge likichomoka, linapanda mapafuni, na hapo hakuna kuaga. Na dada mtu alikuwa kishamkamata mgonjwa kwapani.

"Dada, mlaze! Usimsimamishe!"

Daktari akaja, kipimo kikathibitisha, fundi akachomwa sindano ya kuzuia damu isizidi kuganda. Baadaye Bi Kwanini akarudi kumpima upya, maana dawa ukishaitoa lazima uone imefanya nini. Fundi alikuwa anapumua vizuri. Uso umekunjuka.

"Ameondoka," alisema.

"Afadhali."

"Amehamia kwa bibi."

Kwenye kitanda cha pili alikuwapo bibi mmoja mcheshi, aliyekuwa ameambiwa ajiandae kwenda nyumbani. Tangu mchana alikuwa akiwatania wauguzi kwamba atawaozesha wajukuu zake wote. Sasa amefumba macho. Ametulia tuli. Amelala tu, mtu angesema, na kupita.

Bi Kwanini akasogea karibu na sikio la fundi. Alijionea haya kwa swali lenyewe.

"Kamkalia wapi?"

"Kifuani."

Akamwekea bibi mkono kifuani. Kifua hakikupanda. Akasubiri. Kikapanda kidogo. Kwa taabu. Kama kuna kitu kimekikandamiza. Midomo ilishaanza kuwa ya bluu.

Akapiga kelele. Wakaja na oksijeni. Daktari akaja mbio. Wakamkanda kifua, wakamchoma sindano, wakamwita, wakamwita tena.

Bibi hakuitika.

Fundi alipona, akaondoka wodini kwa miguu yake mwenyewe. Hakukitazama kile kitanda cha pili. Alipita amegeuza uso, kamshika dada yake mkono kama mtoto.

Siku ile bibi alipoondolewa, kitanda hicho Bi Kwanini alikiandaa mwenyewe. Akafuta godoro kwa dawa, akatandika shuka safi, akalivuta likakaza. Akageuka kuchukua mto. Alipogeuka tena, upande wa miguuni shuka lilikuwa limebonyea.

Akalinyoosha.

Likabonyea.

Akakagua chuma cha kitanda. Kizima. Akatazama dirisha. Jua lilikuwa limeshahama upande ule. Akapapasa godoro kuanzia kichwani, taratibu. Baridi. Baridi. Baridi. Mkono ukafika pale palipobonyea.

Pana joto. Joto la mtu aliyenyanyuka sasa hivi.

Godoro lile limeshatupwa. Jipya lililoletwa halijalaliwa na mgonjwa hata mmoja, na upande wa miguuni limebonyea.