Msumari wa Digrii

Je, wewe umewahi kupiga msumari ukutani? Na kabla ya kuinua nyundo, ulijiuliza nyuma ya plasta kuna nini?

Wengi wetu hatujiulizi. Tunatazama tu kama picha itakaa sawa. Baba yake Kitinda naye hakujiuliza, na hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Kitinda aliitwa hivyo nyumbani kwa kuwa alikuwa kitinda mimba. Alikuwa binti wa miaka kumi na tisa, mwenye vidole virefu visivyojua kutulia. Mbele yake kulikuwa na kaka mmoja tu. Kaka huyo alimaliza chuo kikuu, na tangu siku hiyo mtaa mzima ulimwita Digrii. Digrii, habari za asubuhi? Digrii, hebu nipitishie hiyo ndoo. Mwenyewe aliitikia na kucheka. Alikuwa mtu mwema, na darasani alikuwa hodari wa hesabu. Lakini huu ulikuwa mwaka wa tatu anaandika barua za kuomba kazi, na majibu hayaji.

Baba yao alikuwa karani mstaafu. Siku Digrii alipoleta cheti chake, baba alisema cheti kile hakitawekwa kwenye fremu ya dukani. Alinunua mbao, akaazima randa ya kulainishia mbao, akajifungia uani. Kwa wiki sita alikata, akapiga msasa, akapaka mafuta, akapiga msasa tena. Mama alipomwita kula, alisema anakuja, na hakuja. Fremu ilipokwisha, pembe zake nne zilikutana vizuri kabisa. Hata unywele usingepenya.

Ila ilikuwa nzito kama mlango wa kabati. Ndiyo maana baba alichagua msumari wa inchi nne. Aliupiga katikati ya ukuta wa sebule, juu ya kochi, mahali ambapo kila mgeni angeona. Upande wa pili wa ukuta huo kulikuwa na bafu. Msumari uliingia kwa shida, kisha ghafla ukazama kwa urahisi. Baba akatundika digrii, akarudi nyuma hatua tatu, akaridhika.

Miezi michache ikapita. Chini ya fremu likatokea doa la unyevu, dogo kama kisahani. Baba akapaka rangi. Doa likarudi, kubwa kama sahani. Akapaka tena. Likarudi, kubwa kama sinia. Baba alisema ukuta unatoka jasho kwa sababu ya mvua. Mvua zikaisha, ukuta ukaendelea kutoka jasho. Mama alisema hajapata kuona ukuta unaojituma kwa kazi namna hiyo, akasogeza kochi.

Sasa, katika nyumba ya tatu kutoka kwao aliishi mama mmoja fundi bomba. Watu walimwita Mama Spana. Alitembea na spana yake kubwa begani, kama wengine wanavyobeba mkoba. Nyumba nyingi za mtaa ule zilipata maji kwa mikono yake.

Kitinda alimjua Mama Spana vizuri kuliko wazazi wake walivyodhani. Tangu amalize sekondari, kila akitumwa dukani alipitia kwake. Ndiyo maana chumvi ilikuwa ikichelewa. Alijifunza kuzungusha utepe mweupe wa kuzuia maji kuvuja kwenye meno ya bomba. Mama Spana alimwambia utepe ufuate njia ya kukazia, kwa sababu ukizungushwa kinyume hufunguka wenyewe. Alijifunza kukata bomba likakatika sawasawa. Zaidi ya yote, alijifunza kuiuliza mita.

"Mita haisemi uongo," Mama Spana alimweleza. "Funga koki zote za nyumba. Kisha nenda ukaitazame. Kuna kigurudumu kidogo chekundu pale. Kikisimama, nyumba ni nzima. Kikizunguka, kuna mahali maji yanatoroka."

Siku moja Kitinda alifanya hivyo. Alifunga koki ya jikoni, ya bafuni na ya uani. Alikwenda karibu na geti, akafunua mfuniko wa chuma, akachuchumaa. Kigurudumu chekundu kilikuwa kinazunguka polepole, kama mtu asiye na haraka.

Alimwambia baba yake kwamba maji yanavuja ndani ya ukuta. Baba alimtazama juu ya miwani. Alimwambia mambo ya maji awaachie watu wa maji, yeye amalize fomu yake.

Na hiyo fomu ndiyo iliyomnyima Kitinda usingizi. Ilikuwa fomu ya chuo kikuu, na siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Baba alikuwa ameijaza yote kwa mwandiko wake mzuri wa ukarani. Ulibaki mstari mmoja tu: kozi unayoomba. Kila jioni baba alimuuliza, "Mwanangu, unataka kuwa nani?" Kitinda alifungua mdomo. Kabla neno halijatoka, baba alijijibu mwenyewe. Jumatatu alisema mwanasheria. Jumanne akasema mhasibu. Jumatano akasema mwanasheria wa wahasibu, maana alishaanza kuchanganya.

Chini ya godoro la Kitinda kulikuwa na fomu nyingine, ya chuo cha ufundi. Hii nayo mwisho wake ulikuwa Ijumaa. Kitinda alikuwa ameijaza mwenyewe yote. Ilikosa kitu kimoja, sahihi ya mzazi.

Alhamisi mchana doa likafika kwenye cheti chenyewe. Pembe moja ya karatasi ilikuwa imegeuka manjano. Baba alishtuka kama aliyeona mgonjwa amezidiwa. Aliamua kuhamishia fremu ukuta wa pili. Yeye na Digrii waliishusha na kuiegemeza kwenye kiti. Kisha baba akashika nyundo, akaung'ang'ania ule msumari, akauvuta.

Msumari ukatoka. Na maji nayo yakatoka.

Yalimpiga baba usoni, miwani ikaruka. Digrii akaziba tundu kwa kidole gumba, maji yakapita pembeni ya kidole. Mama alikuja na beseni, akaliona dogo, akarudi kuchukua kubwa. Kochi lililowa, zulia likalowa, fomu ya chuo kikuu ikaelea mezani. Baba alikuwa akisema zimeni, zimeni, na hakuna aliyejua yanazimiwa wapi.

"Baba," alisema Digrii, kidole kikiwa bado ukutani, "hili hatukufundishwa."

Kitinda hakuwa sebuleni. Alishatoka mbio hadi getini. Alifunua mfuniko wa chuma. Kando ya mita kulikuwa na koki kuu, ile inayofunga maji ya nyumba nzima. Haikuwa imeguswa kwa miaka, na ilikuwa imekaza. Alikumbuka alivyofundishwa, kwamba koki ya zamani hailazimishwi. Aliizungushia kitambaa, akaisogeza kidogo kulia, akairudisha kidogo, akaisogeza tena. Ikalegea. Akaifunga hadi mwisho.

Ndani, kidole cha Digrii kikahisi maji yanapungua, yanachuruzika, yamekwisha. Nyumba ikawa kimya. Kilichosikika ni matone kutoka kwenye kochi tu.

Kitinda alimwita Mama Spana, naye akaja mara moja. Alichungulia tundu. Akaokota msumari sakafuni. Nusu yake ilikuwa nzima, na nusu nyingine ilikuwa imeliwa na kutu.

"Jirani," alimwambia baba, "msumari huu ulitoboa bomba siku ulipoupiga. Na wenyewe ndio uliokuwa kizibo. Maji yakawa yanapenya kidogo kidogo. Muda wote huu, digrii imening'inia kwenye bomba la bafu."

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Alijaribu kuziba mdomo kwa khanga, ikashindikana. Digrii akafuata, mpaka akakaa chini kwenye maji. Mwishowe baba naye akacheka, nywele zikidondosha maji.

Mama Spana alieleza kwamba kosa hilo hufanywa katika nyumba nyingi. Bomba la ukutani kwa kawaida hupanda au kushuka wima kutoka kwenye koki, au hulala sawa kuelekea koki nyingine. Kwa hiyo, kabla ya kupiga msumari, tazama kwanza pande zote mbili za ukuta. Ukiona koki au bafu, usipige juu yake wala chini yake, wala usawa wake.

Kisha akafungua mfuko wake wa vifaa, akamkabidhi Kitinda. Yeye akavuta kiti cha jikoni, akakaa.

Baba aliuliza kama fundi amechoka. Mama Spana alisema hajachoka. Anataka kutazama.

Kitinda alivunja plasta kwa patasi, taratibu, mpaka bomba la plastiki likaonekana lote. Alikata kipande kibovu. Alipima kipande kipya mara mbili. Alifuta ncha zikakauka, akapaka gundi, akasukuma viungo viwili mahali pake, akavishikilia bila kutikisika huku akihesabu kimyakimya. Vidole vile visivyojua kutulia vilikuwa vimetulia. Baba aliviona. Alikuwa amevaa miwani yenye kioo kimoja kilichopasuka, lakini aliona vizuri.

Walisubiri gundi ikauke. Mama Spana aliigeukia fremu pale kwenye kiti. Hakusoma cheti. Alipitisha kidole kwenye pembe za mbao, moja baada ya nyingine.

"Nani alitengeneza hii?"

"Mimi," alisema baba.

"Nilidhani ni kazi ya fundi."

Baba alisogea, akaifuta fremu kwa mkono wa shati lake.

Gundi ilipokauka, Kitinda alifungua koki kuu. Hakuna tone lililotoka kwenye kiungo. Akamwomba baba aende mwenyewe kuitazama mita. Mzee alichuchumaa pale getini, magoti yakilia. Alitazama kwa muda mrefu sana. Kisha akaita kwa sauti iliyofika hadi kwa majirani.

"Kimelala. Kigurudumu kimelala!"

Waliporudi ndani, baba aliiona fomu mezani. Wino wote ulikuwa umeyeyuka. Alisema itabidi wapate nyingine kesho asubuhi, kwa maana mtu bila digrii siku hizi ni nani. Sauti yake haikuwa na nguvu kama ya jana.

"Digrii siisemi vibaya," alisema Mama Spana. "Mabomba yanayoleta maji mjini hapa yalichorwa na watu wenye digrii zao, na ninawashukuru. Lakini mchoro haukazi nati. Na hii kazi yangu nayo inasomwa, jirani. Ina chuo, ina hesabu, ina mtihani na cheti. Mtu asipeleke mtoto chuo kikuu kwa sababu ya ukuta wa sebule. Amuulize anaweza nini, na anapenda nini. Tena akishauliza, angoje jibu."

Alieleza pia jinsi ya kuchagua chuo cha ufundi. Uliza kama kimesajiliwa. Omba kuona karakana. Tazama kama wanafunzi wanashika vifaa, au wanaandika tu kutoka ubaoni. Uliza wanafunzi wa mwaka jana wako wapi leo.

Baba alikaa kwenye ukingo wa kochi lililolowa. Alimgeukia binti yake.

"Mwanangu, unataka kuwa nani?"

Mara hii alingoja. Mama alisema baadaye kwamba hajapata kumwona akingoja namna ile.

"Fundi bomba," alisema Kitinda.

Alikwenda chumbani, akainua godoro, akarudi na fomu kavu. Baba aliisoma yote kuanzia juu hadi chini. Alisahihisha herufi moja, kwa sababu ukarani haumtoki mtu. Halafu akatia sahihi.

Ijumaa asubuhi Digrii alimsindikiza dada yake kupeleka fomu. Kwenye ubao wa matangazo wa chuo, Kitinda alisoma jina la kozi yake. Digrii alisoma karatasi ya pembeni. Chuo kilikuwa kinatafuta mwalimu wa kufundisha hesabu kwa mafundi. Walirudi nyumbani wakizungumza wote wawili kwa pamoja, na mama hakuelewa hata mmoja.

Kitinda alisoma miaka miwili. Siku za masomo alishinda karakanani, na wakati wa likizo alifanya kazi na Mama Spana. Kaka yake, aliyepata ile kazi ya ualimu, alimfundisha hesabu za mteremko wa bomba, na hakumpendelea hata alama moja. Kazi yake ya mwisho na Mama Spana kabla ya mtihani ilikuwa kwenye zahanati, wodi ya wazazi. Kwa muda mrefu wauguzi wa pale walinawa kwa maji ya ndoo. Siku Kitinda alipofungua koki na maji yakatoka safi, muuguzi mkuu alinawa mikono mara tatu, bila sababu yoyote. Baba alikuwepo. Alimwambia kila aliyepita mlangoni, wakiwemo wasiouliza, kwamba yule pale aliyeshika spana ni binti yake.

Cheti cha Kitinda kilipotoka, baba alikipokea kwa mikono miwili. Alisema kitapata fremu yake, na safari hii mbao atachagua bora zaidi. Kitinda alisema sawa, lakini kwanza akachukua chaki. Alichora mistari miwili ukutani, kufuata njia ya bomba.

"Hapa usipige, baba. Hapa piga."

Kisha akatoa kitu kwenye mfuko wake wa vifaa, kimefungwa kwenye gazeti. Ilikuwa randa mpya. Baba aliigeuza mkononi. Alijaribu makali yake kwa ncha ya kidole gumba, kama mtu aliyekuwa akifanya hivyo siku zote.

Kitinda alimtazama. Akakumbuka wiki sita za uani, na pembe zile zisizopenyeza unywele. Akamuuliza swali ambalo yeye mwenyewe aliulizwa kila jioni.

"Na wewe, baba? Ulitaka kuwa nani?"

Halafu akangoja.

Mzee alitazama dirishani. Alitazama fremu ya Digrii, ukutani pakavu. Aliishika randa vizuri zaidi.

"Seremala," alisema. "Mimi nilitaka kuwa seremala."