Buti Nyekundu za Renetta

Hebu nijibu, mjukuu wangu: zawadi ikinunuliwa na mtu mwingine, je, aliyekuletea anakupenda?

Cordell na Renetta walikutana hapa Jackson, Mississippi, kwenye foleni ya samaki wa kukaanga, Jumamosi ile chuo kinapowakaribisha wahitimu wake wa zamani. Ngoma za bendi zilirindima, moshi wa nyama ukawasha macho. Renetta, mwanafunzi wa uuguzi, alivaa koti la rangi ya haradali, na kiatu chake cha kushoto kilikuwa kimeachama mbele. Cordell, mchezaji wa kandanda ya Kimarekani wa chuo hicho, yule ambaye akikimbia na mpira kwapani uwanja mzima husimama, akakikanyaga hicho hicho.

"Samahani, mrembo. Nitakununulia vingine."

"Wewe? Hata soksi zako hazifanani."

Wakacheka, na tangu hapo simu zao hazikukatika. Kabla baridi haijakolea Cordell akamletea buti nyekundu za ngozi laini. Renetta alizivaa mpaka kanisani, na kila aliyeuliza alijibiwa kuwa ni Cordell.

Jumapili moja walikuwa wakila kuku hotelini, meza imetandikwa kitambaa cheupe, akaja Bwana Hollis Vance, suti ya buluu, manukato yametangulia. Alikuwa wakala wa wachezaji, mmoja wa wale wanaowazengea vijana kabla hawajamaliza chuo, ilhali kwa sheria za chuo kijana akipokea kitu cha wakala anavuliwa jezi. Akachungulia chini ya meza.

"Nilijua nyekundu itakukaa, binti. Kushoto hakubani? Nilimwambia muuzaji akuongezee nusu saizi."

Cordell akainama, akawa anamkatakata kuku vipande asivyovila. Vance akaendelea kusimulia kwamba hata Siku ya Kuaga, mchezaji wa mwaka wa mwisho anaposindikizwa uwanjani na waliomlea, yeye ndiye atakayetembea na Cordell. Shangazi Odessa, aliyemlea kijana huyo tangu akiwa mchanga, angekaa jukwaani na watazamaji.

Renetta akavua buti moja, kisha ya pili, akaziweka juu ya kile kitambaa, akatoka na soksi. Hoteli nzima ikageuka. Cordell alitamani sakafu immeze.

Akapiga simu, haikupokelewa. Renetta aliamini kwamba hata maneno matamu ya kwenye simu yalitoka kwa Vance.

Basi Cordell akaenda mwenyewe kwa kocha, akasema yote. Akavuliwa jezi, asicheze tena, ila akaruhusiwa kutembea Siku ya Kuaga. Shangazi Odessa akampigia Renetta. "Jumamosi mwanangu atatembea bila jezi. Njoo umcheke au njoo umshike mkono, lakini njoo."

Siku hiyo wenzake waling'aa na jezi zao. Yeye alivaa koti la kanisani, mikono ya koti haikufika viganjani. Jukwaani kuna waliomzomea. Renetta akasogea, na Cordell akakiona kwanza kile kiatu cha zamani, kimegandishwa kwa gundi. Kunyanyua macho hakuweza.

"Yale maneno ya kwenye simu," Renetta akauliza, "nayo alikununulia?"

"Hapana. Hayo yalikuwa yangu. Sikuwa na kingine, nikaona haya kukujia mikono mitupu."

Shangazi Odessa, ambaye sasa ndiye aliyesimama ubavuni mwa Cordell, akamgusa kiwiko. "Mwambie unachotaka, baba. Wanatuita."

Cordell akanyoosha mkono, hauna kitu.

"Tangu foleni ya samaki nilitaka hili tu, Renetta. Tembea na mimi."