Nitolee Sauti

Jengo la mafundi lilikuwa na ghorofa tatu, ngazi moja, na watu wa kujaza ngazi kumi. Saa sita mchana mpima macho alikuwa katikati ya ngazi hiyo, gauni lake la kijani limenyooshwa kwa pasi, miwani ya fremu nyekundu puani, mfuko wa plastiki mkononi. Mfuko ukapasuka. Kanda nne za video zikaanza kuporomoka, na mwenyewe, katika kuzikimbilia, akateleza akakaa kitako mbele ya umma.

Mwanamume mwenye ovaroli ya bluu alijirusha. Waliokuwapo walidhani anamdaka dada. Alidaka kanda.

"Hivi wewe," alisema mpima macho akiwa bado amekaa, "unaokoa plastiki, binadamu unamwacha chini?"

"Samahani, dada. Wewe ukivunjika utaungwa. Hii ikivunjika, basi tena."

Alitaka kukasirika, akajikuta anacheka na kunyoosha mkono ainuliwe. Mkono uliomwinua ulikuwa mpole na ulinukia spiriti. Kumbe ndiye fundi aliyekuwa akimtafuta, yule ambaye jengo zima lilimwita Kanda, kwa kuwa wenzake wote walishahamia kwenye simu, akabaki peke yake kuhamisha picha za zamani kutoka kwenye kanda kwenda kwenye diski.

Duka lake lilikuwa chumba cha hatua nne kwa tatu, deki za kuchezea kanda zimepangwa mpaka darini, na jirani muuza spika anajaribu bidhaa zake bila huruma. Kanda alifungua kifuniko cha kanda ya kwanza, akauinamia mkanda mweusi karibu pua iuguse.

"Ukungu umeingia. Mkanda wa hivi unaweza kucheza mara moja tu, kisha ukafa. Picha za nani?"

Zilikuwa za nyumbani kwao, na aliyezipiga ni baba yake, marehemu miaka kumi na moja sasa. Asiyekuwapo na lake halipo, wanasema, na mshika kamera ndivyo alivyo: katika kanda zote nne baba haonekani hata kidole. Anasikika tu. Na mwezi uliopita mama yake alikaa kitandani akasema, "Sura yake ninayo ukutani, mwanangu. Sauti imenitoka. Naitafuta siipati." Hayo yote mpima macho alitaka kumwambia fundi, lakini yule jirani wa spika akaongeza sauti.

"Shida yangu kubwa ni sauti ya mwanamume nyuma ya kamera!" alipaza sauti. "Nitolee hiyo sauti, fundi. Ukiweza hilo tu, umeniponya!"

Kanda akaandika kwenye daftari. "Ondoa wasiwasi, dada. Nitaitoa yote."

Kanda ya saa moja huhamishwa kwa saa moja. Hakuna njia ya mkato. Basi kila siku saa ya chakula mpima macho alipanda ngazi ile, midomo imepakwa rangi ambayo wagonjwa wake hawakuwahi kuiona. Runinga ilicheza kimya. Hakuuliza kwa nini. Alidhani fundi kaizima sauti ili waongee, na kuongea waliongea.

"Sogea nyuma kidogo," alimwambia siku ya pili. "Unasoma skrubu kwa ncha ya pua. Lini ulipimwa macho?"

"Nikipimwa nitaanza kuona vizuri, Dokta. Je, nikigundua wewe si mzuri hivi?"

"Basi bora upofuke, mpenzi."

Neno lilimponyoka. Kanda aliangusha bisibisi.

Mpima macho alipenda kumtazama akifanya kazi, na sioni aibu kusema kwamba hata mimi ningempenda. Alifunga pamba kwenye kijiti, akaichovya kwenye spiriti, akapangusa kichwa cha deki taratibu, kama mtu anayemwosha mtoto uso. Deki ikikwama hakuigonga. Aliiongelesha, "Haya mama, pole pole," na deki, Mungu shahidi, ilisikia.

Siku ya tano alimkabidhi diski ndani ya kasha jipya.

"Na ile sauti?"

"Imetoka yote, kipenzi. Safi."

Jioni ile mama na binti walikaa mbele ya runinga wameshikana mikono. Picha ilikuja, angavu. Mama kijana akifua, mtoto akikimbia na kiatu kimoja. Midomo ilifunguka na kufungwa, kimya kimetanda mwanzo hadi mwisho. Mama alingoja mpaka picha ya mwisho, akaipapasa mikono ya binti yake. "Picha nzuri, mwanangu. Nzuri sana." Akaenda kulala.

Simu ya mpima macho iliita huko kwa Kanda ikapokelewa kwa furaha. "Roho yangu! Mmependa?"

"Sauti iko wapi?"

"Nimeitoa, kama ulivyo..."

"Umeitupa sauti ya baba yangu! Na kanda umesema zinacheza mara moja. Umemuua mara ya pili. Usinipigie tena."

Akamfungia namba. Siku nane hakuinua mguu kuelekea jengo lile. Rangi ya midomo ilirudi kwenye droo.

"Kosa moja haliachi mke," mama alimwambia.

"Mama, mimi si mke wa mtu."

"Ndiyo maana nakwambia mapema."

Siku ya tisa, kliniki imejaa, mgonjwa wa kumi na nne aliingia chumba cha kupimia amevaa shati jeupe lenye alama za mikunjo ya dukani. Mpima macho aliona jina kwenye kadi, akaona macho mekundu ya mtu asiyelala. Mgonjwa ni mgonjwa.

"Ziba jicho la kushoto. Soma mstari wa tatu."

"N. I. S. A. M. E. H. E."

"Herufi hizo hazipo ubaoni."

"Basi macho yangu mabovu kweli, Dokta. Naziona mpaka ukutani."

Aligeuka asionekane akitabasamu. "Kwa nini uliitupa?"

"Ulisema, nitolee hiyo sauti. Ulisema ni shida yako kubwa. Nikadhani ni mtu aliyewatesa. Deki ina waya tatu, wa njano wa picha, mweupe na mwekundu wa sauti. Nilizichomoa hizo mbili kwa moyo wangu wote. Nilitaka usimsikie tena maishani."

Mpima macho aliketi kwenye kiti cha wagonjwa. Nitolee. Alikuwa amesema hivyo hivyo, kwa kinywa chake. Alitaka itolewe kama maji kisimani. Mwenzake akaitoa kama mwiba. Na kuuliza si ujinga, ila hakuna aliyeuliza: mmoja alikuwa akitazama mikono, mwingine midomo.

"Nilijaribu kuzicheza tena," Kanda alisema, na sauti yake ikapungua. "Tatu zimenifia. Ya nne nimeifungua nikaipangusa kwa mkono, mita kwa mita, siku zote hizi. Itacheza mara moja. Sikuthubutu kuicheza bila mama."

Jumamosi alasiri alifika nyumbani kwao amekumbatia deki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ndiye wewe uliyedaka kanda ukamwacha mwanangu chini?"

"Ndiye mimi."

"Ulifanya vyema. Yeye ana nyama za kutosha. Kaa."

Waya za sauti zilikuwa kuukuu, tundu la runinga limelegea. Kanda alipiga magoti, akazishika zote mbili zilipoingilia, akabonyeza deki. Mistari ilipita. Mchanga wa sauti ukakwaruza. Binti hakupumua.

"...ee, inawaka? Inawaka!" Sauti nzito, yenye kicheko pembeni. Ikajaa sebule nzima.

Mama alifunga macho. Picha hakuihitaji.

"Mwanangu, njoo. Mwambie mama yako ni mzuri."

"Mama mzuri!" mtoto akapiga kelele. Mama kijana aliendelea kufua, kawapa mgongo.

"Mwambie tena. Hajasikia."

"Nilisikia," mama alisema, macho bado yamefungwa, machozi yanashuka. "Nilisikia, mume wangu. Nilijifanya tu."

Mpima macho alilia pia, bila kujificha. Alipoangalia chini alimkuta Kanda yuko vile vile, magoti sakafuni, mkono umekakamaa, hajaachia waya hata kwa sekunde.

Akapiga magoti kando yake. "Unauma?"

"Unauma. Siachii mpaka mzee amalize kusema."

Akauweka mkono wake juu ya ule wa Kanda, wakashika pamoja. "Fundi," alinong'ona, "ukiwa na swali la kuniuliza, safari hii uliza."

Kanda alitazama runinga, akamtazama mama.

"Muulize, baba," mama alisema bila kufumbua macho. "Na uongee kwa sauti. Watu wa nyumba hii hujifanya hawasikii."

Kanda akauliza kwa sauti. Hakuna aliyejifanya.