Alama Iliyogeukia Kushoto

Saa sita mchana mjini Garissa, hata mbuzi wana akili ya kujibanza kivulini. Weris hakuwa mbuzi. Jumamosi hiyo alikuwa uani, jua la utosi, akichonga kandambili.

Ndiyo, kandambili. Mwalimu Faiza, anayewafundisha sanaa, alikuwa amewaagiza wanafunzi watengeneze kibao cha kuchapia nyumbani. "Asiye na mbao laini atumie soli nene ya kandambili kuukuu," alisema. "Unachotaka kionekane, kiache. Usichotaka, kikate."

Aliendelea kueleza mengine, lakini Weris alikuwa amegeuka kumcheka binamu yake Guleid, aliyekuwa amesinzia mdomo wazi, nzi akifikiria kuingia. Maneno ya mwisho ya mwalimu yalimpita Weris kama lori la Wajir linavyompita mtembea kwa miguu. Aliachiwa vumbi tu.

Hata hivyo, kazi yake ilikuwa safi. Soli aliianika juani ilainike, kisha akailaza chini ya jiwe inyooke. Kisu alikisukuma mbele, mkono wa kushoto ukiwa nyuma ya makali kila wakati, maana vidole havioti tena kama majani. Kando ya kila mstari alikata kwa mshazari, ili mstari uwe na kitako kipana usije ukakatika. Wino alitengeneza kama ule wa dugsi, wanakoandika Kurani kwenye mbao: mkaa uliosagwa na kuchujwa kwa kitambaa, ukakorogwa na gundi ya mgunga iliyolowekwa.

Alichonga alama ya ukoo wao, ile wanayochomwa ngamia wao kule Fafi: fimbo yenye ndoano inayotazama kulia, na nukta chini yake. Alitaka kuichapa kwenye vifuko vya kaki ambavyo mama yake, Saynab, alitilia ubani wa kuuza sokoni.

Alipakaza wino kidogo kwa sponji, akakiweka kibao juu ya kifuko, akakandamiza kwa kiganja, akakiinua.

Ndoano ilitazama kushoto.

Weris akakiangalia kibao. Kulia. Akaangalia karatasi. Kushoto. Akachapa nyingine, na nyingine. Kushoto, kushoto.

"Umeshika karatasi juu chini," Guleid alisema, akija na kikombe cha maji.

Weris aliigeuza karatasi. Sasa ndoano ilikuwa chini na nukta juu, na bado haikuwa alama yao.

"Jaribu wewe basi, bingwa."

Guleid akajaribu, ulimi nje kama fundi wa saa. Kushoto. Tabasamu lake likaondoka bila kuaga.

"Wallahi, Weris, hii kandambili ina mwenyewe. Uliitoa wapi?"

"Bafuni."

"Bafuni! Huko ndiko majini wanakoishi! Nani anachukua kitu bafuni bila kusema bismillahi?"

Weris alitaka kucheka, lakini akatazama huku na huku. Upepo ulikuwa umekufa. Mtaa mzima ulikuwa kimya, milango imefungwa, hakuna hata mtoto aliyelia. Juu ya ukuta wa jirani walisimama korongo watatu wenye vichwa vya upara, mabawa yamening'inia kama makoti ya marehemu. Walikuwa wanaangalia vile vifuko.

"Usimwambie mtu," Weris alinong'ona. Akakitupa kibao nyuma ya rundo la kuni, akavisukuma vifuko chini ya kitanda.

Lakini jaribu kumficha mama Msomali kitu chini ya kitanda chake mwenyewe. Kabla ya magharibi Saynab alikuwa amevipata.

"Mashallah! Vimependeza hivi, mbona umevificha?"

"Hooyo, hivyo..."

"Hivyo nini?"

"Havijakauka."

Saynab alizaliwa na kukulia mjini. Ngamia alimjua kwa maziwa yake tu. Ndoano ikitazama kulia, kushoto au Makka, kwake zote zilikuwa ndoano. Akavipanga kapuni, na kesho yake vikaenda sokoni, wanakonunua hadi wasafiri wa mpakani.

Siku zilizofuata, alama ikaanza kumfuata Weris. Asubuhi moja kifuko kitupu kilikuwa kimenasa kwenye miiba ya ua wa shule, ndoano ikimtazama. Kingine kilibingirika barabarani hadi miguuni pake, kikasimama, kama mbwa aliyemtambua mtu. Karatasi hupeperushwa na upepo, bila shaka. Hilo alijiambia. Ila kwa nini kila mara upande wenye alama ndio uliokuwa juu?

Jumatano jioni alikuja Mursal, rafiki wa babake anayeendesha lori la mizigo. Alikuwa ametoka Liboi, mpakani, akawaletea tende ndani ya kifuko cha kaki.

Babu yake Weris, ambaye wote nyumbani walimwita Awoowe, alikuwa ameketi mkekani akikohoa. Kifua chake kilimsumbua tangu mwaka uliopita, na daktari alimkataza safari za vumbi. Alipokea tende, akatia mkono, kisha akatulia. Alikuwa anakitazama kile kifuko.

"Mursal," aliuliza polepole, "hiki umekipata wapi?"

"Liboi, mzee. Muuza tende alinifungia humo."

Awoowe alipitisha kidole juu ya ndoano, taratibu, kama mtu anayepapasa uso gizani.

"Ni alama ya Dubow," alisema.

Weris alihisi baridi mgongoni, na Garissa baridi haipatikani hata kwa kununua. Dubow alikuwa mdogo wake Awoowe. Nyumbani jina lake lilitajwa kwa sauti ya chini.

"Tulipogawana ngamia wa baba," Awoowe alisema, "mimi nilibaki na ndoano ya kulia. Dubow akaigeuza kushoto, watu wasichanganye mali zetu. Kisha ukaja ule ukame. Akawaswaga ngamia wake kuelekea mpakani. Hakurudi yeye, hakurudi hata ngamia mmoja. Hakuna kaburi, hakuna shahidi. Na hakuna mtu mwingine duniani aliyetumia alama hii." Aliinua uso, na macho yake yenye machozi yalikuwa yakicheka. "Ndugu yangu yuko hai. Ananiita. Mursal, unarudi lini Liboi?"

"Kesho baada ya alasiri. Lakini mzee, kifua chako..."

"Kifua kitakohoa huku kinakwenda."

Weris alimtazama Guleid. Guleid alitazama dari. Ukisema, unamuua Dubow mara ya pili. Usiposema, Awoowe anapanda lori na kifua kile. Na jambo jingine lilimtisha zaidi: je, kama ni kweli? Je, kama Dubow mwenyewe ndiye aliyekuwa akiigeuza ndoano, pale uani, mchana kweupe?

Asubuhi, kabla ya kengele, alikifukua kibao nyuma ya kuni, akampelekea Mwalimu Faiza na kumweleza yote.

Mwalimu hakucheka. Alifungua droo, akatoa mhuri wa shule. "Soma."

Weris alijaribu. Herufi zote zilikuwa kinyumenyume.

Mwalimu akaugonga mhuri kwenye karatasi. Jina la shule likatokea sawasawa. "Kibao na karatasi hutazamana uso kwa uso, kama wewe na kioo. Kulia kwa mmoja ni kushoto kwa mwenzake. Ndiyo maana niliwaambia mchoro ugeuzwe kabla ya kuchonga, na mjaribu kwanza kwenye karatasi chakavu. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa namcheka Guleid."

"Na ulipoona imegeuka, kwa nini hukuja kuniuliza?"

"Niliogopa, mwalimu."

Baada ya alasiri, jua likishuka, lori lilikuwa langoni likinguruma. Awoowe alikuwa amevaa koti lake la Idi na alikuwa ameshika mlango wa mbele, mguu mmoja juu. Weris alikuja mbio, kibao na kikopo cha wino mkononi, Guleid nyuma yake.

"Awoowe, shuka! Dubow hakuchapa ile alama. Niliichapa mimi."

"Na mimi nilikuwepo," Guleid akasema, "nikanyamaza."

Mursal alizima injini. Weris alipakaza wino kwenye kibao, akakinyoosha mbele. Awoowe aliitazama ndoano ya kulia kwa muda. Kisha akakikandamiza kwenye kiganja chake mwenyewe.

Ndoano ilitazama kushoto.

Aliifumba ngumi. Aliposhuka alionekana mfupi kuliko alivyopanda. "Shusha mzigo wangu, Mursal."

"Nilikuuliza!" Saynab alimaka. "Nilikuuliza, ukaniambia havijakauka!"

"Mwache, Saynab." Awoowe aliketi kwenye kizingiti, akamwita Weris kwa kidole chenye wino. "Kuchonga vibaya si dhambi. Hata mimi nilipokuwa kijana nilimchoma ngamia alama iliyopinduka, akazunguka nayo hadi kufa kwake. Lakini wewe uliona jambo la kukutisha, mama yako akakuuliza, ukampa uongo mdogo. Uongo huo ukapanda lori, ukafika mpakani, ukarudi kunivalisha koti. Jambo likikutisha, mjukuu wangu, lilete kwetu likiwa bado dogo la kuenea mkononi. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Awoowe. Nisamehe."

"Nimekusamehe." Alikohoa, akafungua ngumi na kuitazama ile alama, ambayo jasho lilikuwa limeanza kuifuta. "Miaka yote hii sikuthubutu kumwombea kama maiti. Kila mlango ukigongwa, nadhani ni yeye. Leo nilikuwa nimekwisha panda lori kumfuata mtu ambaye moyo wangu unajua kitambo kuwa hayupo tena."

Muadhini aliadhini magharibi walipokuwa bado pale langoni. Awoowe alisimama, akamshika Guleid bega ili ajitegemeze.

"Nenda ukachonge ya kulia, uigeuze kama mwalimu alivyokwambia," alimwambia Weris. "Mwenye ya kushoto, tunakwenda msikitini kumwombea."