Boksi Lililofunika Maandishi

“Usilie, Pudensiana,” sauti ya Nashon ilisema kwenye spika. “Mvua zikianza nitarudi kukuoa.”

Esteria alikuwa ndiyo kwanza anainama kuingia kwenye banda la video. Akasimama hapo hapo mlangoni.

Mwaka mzima, kila Jumamosi, yule dada wa Kihindi aliyesimama stesheni kwenye picha alikuwa akiitwa Esteria. Ndivyo Nashon, mfasiri wa picha aliyependwa kuliko wote Mpanda ile miaka ya tisini, alivyomtongoza: alishika maikrofoni kutafsiri picha, akampa stelingi wa kike jina la Esteria, banda zima likageuka kumtazama. Baba yake Esteria kule Litapunga akapokea barua ya posa. Kanisani tangazo la ndoa lilishasomwa mara mbili, bado la tatu Jumapili hii.

Leo ilikuwa Jumatano. Asubuhi Nashon alimtumia kikaratasi: *Mpenzi, leo usije, naangalia kanda mpya peke yangu.* Lakini padri alitaka kuwaona wote wawili Ijumaa, naye Esteria alikuwa ametoka shuleni mapema, akaona apite kumwambia.

Kanda ilikuwa ile ile. Na benchi la mbele alikaa Pudensiana, mtoto wa mama yake mdogo, aliyemchagua mwenyewe awe msimamizi wake wa harusi.

“Mwalimu, kaa basi,” alinong'ona Mama Kalisti, bakuli la karanga mapajani. “Umefika penyewe.”

“Kila Jumatano anaitwa Pudensiana?”

“Tangu kiangazi kianze.” Mama Kalisti akakwepa macho yake. “Sisi tulidhani unajua. Tukasema labda ni utani wa shemeji.”

Kwenye kioo treni ilianza kuondoka. Mkono wa kijana aliyekuwa akiaga ulibaki dirishani. Esteria alikipenda kipande hiki kuliko picha nzima, kwa sababu yule dada hakimbizani na treni wala hajitupi chini. Anavua bangili, anaiweka kwenye benchi, basi. Aliwahi kumuuliza Nashon kwa nini halii.

“Halii kwa sababu ameahidiwa,” Nashon alimjibu. Naye akaamini, maana Nashon alisema amejifunza Kihindi Tabora, dukani kwa Wahindi. Chini ya kioo alibandika kipande cha boksi la sabuni kufunika maandishi ya Kiingereza. Yanakula picha, alisema.

Esteria akapita katikati ya mabenchi, akalibandua lile boksi.

“Esteria, unafanya nini?” maikrofoni iliuliza.

“Bwana Leodgar, rudisha kanda nyuma kidogo.”

“Tutaongea nyumbani,” Nashon akasema.

“Nyumbani kwa nani?”

Leodgar, mwenye banda, alimtazama mfasiri wake, akamtazama mwalimu. Kisha akabonyeza deki. Treni ikarudi kinyumenyume stesheni, ikasimama, ikaanza upya.

Esteria akayasoma yale maandishi kwa Kiswahili, taratibu, kama anavyosomea darasa la tatu.

“Mwanamume anasema: ‘Usinisubiri. Nina mke na watoto wawili huko niendako.’ Dada anamjibu: ‘Nilijua. Nilikuja tu nikuone ukiondoka.’”

“Kumbe ndiyo maana halii,” Mama Kalisti akasema. “Ameshamaliza naye.”

“Nashon, Kihindi unakijua?”

Spika ilitoa pumzi za Nashon tu.

Pudensiana aliinuka, kanga ikimponyoka begani. “Dada, aliniambia mmeachana. Alisema tangazo la tatu halitasomwa.”

“Na kitambaa cha gauni la usimamizi ulichokuja kuchukua juzi, kilikuwa cha harusi gani?”

Pudensiana akakaa tena.

“Nyie mnacheka nini?” Nashon aliwakaripia wa nyuma walioanza kucheka, akasahau kwamba bado ameshika maikrofoni. Banda likalipuka kwa kicheko.

Alimfuata Esteria hadi nje, kwenye jua kali, kando ya jenereta ya banda.

“Umenivunjia heshima mbele ya watu wangu,” alisema. “Mwaka mzima wananiamini. Lile jina ni maneno ya picha tu, Esteria.”

“Hata langu?”

“Lako ni jambo lingine. Sikiliza. Rudi ndani, waombe radhi. Na mimi uniombe, wakusikie. Halafu Jumapili yetu iendelee kama ilivyopangwa.”

“Naenda kwa padri sasa hivi. Jumapili hakuna kitakachosomwa.”

“Kwa sababu ya sinema?”

Esteria alikuwa bado na kile kipande cha boksi. Akakiingiza kwenye mfuko wa shati la Nashon, akakigonga mara moja kwa kiganja kikae vizuri.

“Wale nimewasomea kilichoandikwa, sina la kuwaomba. Na wewe sikuombi radhi, Nashon. Leo sikuombi, na mvua zikianza sikuombi.”