Kitambaa Chini ya Kofia ya Mpira

Maiti ya mzamiaji aliyeitwa Hakimu ilikutwa asubuhi kwenye mchanga wa Kalundu, imevaa nguo nyeusi ya mpira ya wapiga mbizi, na kichwani kofia nzito ya mpira uleule. Watu walikuwa wamejaa ufukweni. Hakuna aliyelia.

"Ziwa imemukatala," muuza dagaa mmoja alisema, wala hakushusha sauti.

Inspekta Aziza alimkazia macho mpaka akageuka. Aziza hakuwa na subira na watu wanaoyasingizia maji kazi ya binadamu.

Hakimu na mwenzake Jolie walikuwa wametoka Lubumbashi kwa safari fupi. Waliitwa na familia za waliozama na boti Nyota ya Swima mwaka uliopita, washuke kuitazama huko ilikolala. Nusu ya mji iliwataka. Nusu nyingine iliwatemea mate, ikisema maiti za ziwani haziguswi. Sumaya, mdogo wake Aziza, alikuwa ndani ya boti hiyo na hakupatikana. Mkuu wa Aziza alimshauri aiachie kesi hii mtu mwingine. Aziza alimjibu vibaya, akachukua pikipiki.

Jolie alikuwa amesimama kando ya maiti, macho mekundu, hasira tupu.

"Zipu iko mbele," alisema.

"Naona."

"Kwa hii nguo zipu inakaaka mugongoni, Mama Inspekta. Mwenye alimuvalisha alizani ni koti."

"Labda alivaa kwa haraka."

"Hakimu? Yeye hakuingiaka mu maji pekee, hata siku moja! Tulipanga yote pamoja. Leo maji mafupi, tuzoee baridi, tupime uzito ya mukaba. Kesho ndio tushuke kule chini. Kule baridi inalalisha akili mbele ya mwili. Mwenye kushuka pekee ni mujinga, na yeye hakuwa mujinga." Alifuta pua kwa mkono. "Na weye unaniangalia sawa muuaji."

"Kila mtu hapa namwangalia hivyo. Usijione."

Hospitalini daktari hakuhitaji muda mrefu. Mapafu hayakuwa na maji. Mfupa wa kisogo ulikuwa umepasuka.

"Alikufa nchi kavu," alisema. "Alipigwa kwa kitu kizito, kisha akavalishwa."

Aziza aliishika kofia ya mpira kwa mikono yake mwenyewe, akaivuta taratibu. Chini yake kulikuwa na utepe wa kitambaa cheupe uliopita chini ya kidevu na kufungwa fundo utosini. Ulinukia kafuri.

"Bandeji?" daktari aliuliza.

"Hapana."

Aziza alikuwa amemwosha mama yake mzazi. Aliijua harufu ile, na aliujua utepe ule: ndio wa kwanza kuchanwa kwenye sanda, maiti asibaki mdomo wazi. Muuaji alimvunja mtu kichwa, kisha mikono yake ikamtendea maiti kama ilivyozoea. Alipokumbuka kumvalisha nguo za kuzamia, ama alisahau kuufungua, ama hakuthubutu.

"Funga mdomo wako, daktari," alisema, akiutia utepe kwenye bahasha. "Umfunike uso, na mtu yeyote asimfunue."

Ofisini, ajenti wa polisi Sévère alikuwa amekwisha kumleta Thierry, mkubwa wa wavuvi wa Kalundu, na alionekana kuwashwa mkono wa kumzaba kibao. Thierry ndiye aliyepayuka mbele ya soko zima kwamba atakayezamia juu ya wafu atakuwa mfu yeye mwenyewe.

"Ulisema hukusema?" Aziza aliuliza.

"Nilisema. Na ningali nasema."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Ku kanisa, na bakristo bote. Uliza pasta." Thierry aliegemea meza. "Bibi yangu, mama ya batoto bangu, iko mule chini, inspekta. Sitaki mugeni amupige foto sawa samaki. Lakini siko muuaji."

"Ukimkuta mtu amekufa, unafanya nini kwanza?"

Thierry alimtazama kama mtu aliyerukwa na akili. "Napiga makelele. Weye unafanyaka nini?"

Aziza alimwachilia. Sévère alinung'unika.

"Tunamuacha na ni yeye alitisha batu!"

"Wanaotisha watu nikiwafunga wote, Sévère, nitaanza na wewe. Vyombo vya wazamiaji vililala wapi?"

"Mu depo ya Papa Mahamudi."

Aziza hakulipenda hata kidogo jibu hilo. Mahamudi alikuwa nahodha wa Nyota ya Swima, mmoja wa wachache waliojiokoa kwa kuogelea. Tangu siku hiyo, kila maiti iliyotolewa ziwani aliiosha yeye. Ndiye aliyemsalia Sumaya ambaye mwili wake haukuonekana, na Aziza alilia mbele yake kama mtoto.

Alimtuma mtu amwite, aje kumwosha Hakimu.

Mahamudi alifika na mfuko wake, kofia nyeupe kichwani, akamwamkia kwa upole. "Pole, mwanangu. Hii kazi ni nzito kwako."

"Asante, Papa. Fanya ya kwako."

Maiti ilikuwa mezani, imefunikwa shuka gubigubi. Mahamudi alinawa. Aliomba maji ya uvuguvugu. Alitandaza sanda, akaanza kuchana tepe moja baada ya nyingine, za kufungia miguuni, kiunoni, kichwani, akazipanga pembeni vizuri. Kisha akachukua ndoo.

"Na taya, Papa?"

"Taya imekwisha fungwa, mwanangu."

Ndoo ilibaki mkononi mwake.

"Nani kakuambia?"

"Hapa... hapa hospitali banafungaka."

"Hapa alifika na kofia ya mpira kichwani. Niliivua mimi. Na uso wake hujauona."

Aziza aliutoa utepe kwenye bahasha, akauweka juu ya sanda. Kitambaa kilikuwa kilekile, na harufu ileile. Mahamudi aliketi chini sakafuni, polepole.

"Alikuja depo pekee, kunionesha mupango," alisema. "Akasema keshokutwa bakishuka bataanza na mulango ya chini. Bataupiga foto. Nikamuomba. Nikasema, mwanangu, acha mulango, angalia fasi ingine. Akaniuliza, juu ya nini? Akageuka kuchukua taa. Nikamupiga na nanga."

"Mlangoni kuna nini?"

"Usiniulize."

"Kuna nini mlangoni, Mahamudi?" Neno Papa halikumjia tena kinywani.

"Kadena. Kufuli." Alianza kulia. "Upepo ilikuwa kali. Batu balikuwa banakimbilia upande moja, boti inalala. Nikabashusha bote chini, nikafunga kadena, batulie. Twafanyaka vile bote, manahodha bote ya hapa! Kisha boti ikapinduka. Nilikuwa na ufunguo mu mukono, inspekta. Nikaogelea."

"Walikuwa hai?"

"Balikuwa banagonga."

Aziza aliuliza swali ambalo mkuu wake asingemruhusu kuliuliza. "Na Sumaya?"

"Alijua sauti yangu. Alikuwa anasema, Papa Mahamudi, fungua."

Sévère, aliyekuwa amesimama nyuma yao, aligeukia ukuta. Aziza alimchukia mzee yule kwa moyo wake wote, na zaidi alichukia kwamba ndiye aliyemfariji. Akanyoosha kiganja. Mahamudi hakuuliza anataka nini. Alivuta uzi uliokuwa shingoni, ndani ya kanzu, akautoa ufunguo mdogo ulioshika kutu. "Nilishindwa kuutupa," alisema.

Walimfunga pingu palepale, kando ya sanda aliyoichana.

Nje Jolie alikuwa ameketi juu ya mtungi wake wa hewa, mizigo imefungwa, tayari kumsindikiza Hakimu nyumbani. Aziza alimweleza yote bila kupamba. Kisha akamwekea ufunguo mkononi.

"Siingiaka pekee," Jolie alisema.

"Najua. Kamzike mwenzako, utafute mwingine, mpange upya. Mimi nangoja."

Jolie aliugeuza ufunguo, akaukwangua kutu kwa ukucha. "Na kama hauingie tena mu kadena?"

"Beba nyundo," Aziza alisema. "Lakini fungua."