Marashi Yasiyokatika Shingoni

Marashi ya kiangazi hayana makuu. Unajimwagia kisogoni ukitoka kuoga, yanakupoza, yananukia ndimu na maua ya mchungwa, na kabla kahawa haijachemka yameshakwenda zake. Watu wa Écija, mji wa joto kali kusini mwa Hispania, wake kwa waume, hununua chupa ya lita nzima wakaiweka kwenye friji kando ya maziwa, na hakuna anayetarajia yadumu. Ndiyo maana Obdulia alishtuka Jumanne moja ya Julai, jua likizama, alipojifuta jasho akakuta shingo bado inanukia vilevile, kana kwamba amejipaka sasa hivi.

"Nimezeeka, pua imeanza kunidanganya," alijisemea. Siku hizi alijisemea mengi. Mumewe Eulogio alifariki mwezi Machi, na binti yao wa pekee aliishi Bilbao, mbali, na shughuli zake.

Kesho yake alijilaza baada ya chakula cha mchana, madirisha yamefungwa, mji mzima kimya kwa joto. Akasikia mlango wa friji ukifunguliwa. Ukafungwa. Kisha nyayo tupu kwenye vigae, polepole. Kisogo chake kikalowa kwa ubaridi, na kitana kikaanza kupita kwenye nywele zake, kikizigawa upande, kama mama anavyomchana mtoto kabla ya misa. Alifumba macho kwa nguvu. Lakini tuseme kweli, hakuomba kikome. Tangu Machi hakuna aliyemgusa, ukimwondoa daktari.

Alhamisi harufu ilidumu hadi usiku wa manane. Ijumaa ilidumu hadi alfajiri. Hapo akaogopa, akamwita jirani yake Patrocinio, mjuzi wa kuombea watu waliopatwa na husuda au mashetani.

Patrocinio alimnusa shingo, akarudi nyuma hatua mbili.

"Ni Eulogio?" Obdulia alinong'ona.

"Eulogio gani, shoga? Yule alikuchana nywele lini? Zake mwenyewe zilimshinda." Kisha akashusha sauti. "Hili ni pepo, na linaupima mwili wako. Harufu ikidumu mchana hadi mchana wa pili bila kukatika, pepo litachukua mwili, wewe utabaki na nyumba. Mwaga hiyo chupa. Leo usijipake hata tone, litaondoka lenyewe."

"Na likiondoka?"

"Litakuwa limeondoka. Unataka nini tena?"

Obdulia aligeuka kuitazama friji.

"Kesho alasiri nakuja kukunusa. Ukiwa hunukii kitu, tunakwenda kunywa kahawa."

Patrocinio alipoondoka, Obdulia akamwaga marashi, ila akabakisha kidogo chini ya chupa. Alijilaza na shingo kavu. Hakuna kilichokuja. Alisikiliza friji ikinguruma, ikanyamaza, na ukimya ule ukamwonyesha mchana huu na michana mingine yote iliyokuwa inamsubiri, mmoja mmoja, kila mmoja na kitanda chake kipana. Akashindwa. Aliinuka, akafungua friji.

"Tone moja tu," alisema. "Njoo."

Likaja. Lilimchana mchana ule, na jioni, na usiku kucha, na harufu haikukatika hata mara moja, na ubaridi ukateremka kutoka kisogoni ukapenya chini ya ngozi hadi mabegani, na kila kitana kilipopita alijiona anapungua uzito, hata mchana wa pili ulipofika hakusikia tena godoro chini yake, akataka kuinua mkono aifute shingo, na mkono ukainuka kweli, ukajinyoosha, ukazitengeneza nywele vizuri, ila haukuwa umemsikiliza yeye.

Hodi ikabishwa mlangoni.

Obdulia alikuwa kando ya friji, au alidhani yuko hapo. Akaisikia sauti yake mwenyewe mlangoni ikisema, "Karibu, shoga, nimekungoja."

Patrocinio aliinusa ile shingo, akainusa tena.

"Hunukii kitu. Limekwenda."

"Limekwenda," ile sauti ikajibu.

"Patro," Obdulia aliita kwa nguvu zake zote. "Patro, mimi niko huku."

Badala ya sauti, jikoni pakanukia ndimu kidogo. Hakuna aliyegeuka.

"Haya, chukua mkoba twende," Patrocinio alisema kwa furaha. "Usibaki peke yako humu ndani."

Wakatoka wameshikana mikono, na ufunguo ukageuzwa kwa nje.